Dakika 15 Kabla ya Wali

Haya, mnaniona? Ngoja niisogeze simu, inaangalia dari. Sawa. Hamjambo jamani, ni mimi, niko jikoni kwangu hapa Birmingham, nje mvua kama kawaida yake, na mbele yangu kuna wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Sili bado. Tazameni kwanza.

Mkononi hapa nina hiki kidude cha kupima sukari ya damu kimebandikwa. Nakisogezea simu, kinasoma: 8.2. Si mbaya. Sasa kalamu ya insulini. Nafunga sindano mpya, namwaga yuniti 2 hewani nione dawa inatoka, halafu nazungusha mpaka 7. Hesabu hii ni yangu, msiichukue. Yako utapangiwa na daktari wako. Sindano yenyewe ina milimita 4 tu. Hapa tumboni, mbali kidogo na kitovu. Nahesabu hadi 10... natoa. Damu mmeiona? Basi. Nasubiri dakika 15 dawa ianze kazi, ndipo nile. Naweka saa, tupige soga.

Shangazi amenipigia juzi, baada ya ile video niliyojichoma ndani ya treni. Shikamoo Shangazi, najua unatazama, na jirani umemwita. Akaniambia, "Mwanangu, mbele za watu wote wale? Si watasema teja?"

Sikucheka. Sisi Tanga tumezika vijana kwa ajili ya unga, na sindano mkononi mwa kijana haijawahi kuwa kitu cha kuchekesha mtaani kwetu. Hofu ya Shangazi naijua ilikotoka. Ndiyo iliyonilea. Nimegundulika na kisukari nikiwa kidato cha pili, hii aina ya kwanza, ambayo mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini, na somo la kwanza nililofundishwa nyumbani lilikuwa kujificha. Hata kwa bibi, ambako friji hakuna, kichupa changu kilikaa kwenye kopo lenye kifuniko, kopo ndani ya chungu, chungu kimezungukwa na mchanga uliolowa. Bibi alikuwa anaumwagia maji asubuhi na jioni, na mgeni akiuliza kuna nini mle, anaambiwa mbegu.

Sasa niwaambie ya Segera. Mwaka 2009, natoka Tanga naenda Dar, basi limesimama watu wale. Mnajua zile dakika 20 za Segera, hujamaliza kunawa dereva kashapiga honi. Nimenunua wali maharage wangu, nikakimbilia chooni na kichupa na sindano. Choo cha shimo, giza, mlango haufungi, nimeuegemea kwa mgongo. Ile ilikuwa insulini nyeupe kama maziwa, unaibingirisha viganjani kwanza. Nikaibingirisha. Ikaponyoka. Nikasikia tu, tubwi!

Nikarudi nikala ule wali, maana njaa haina adabu, na aibu ilinizuia hata kumwambia mama niliyekaa naye kiti kimoja. Tunafika Ubungo niko chupa ya tatu ya maji, kinywa kikavu kama nimelamba chokaa, macho hayaoni vizuri. Usiku ule natapika. Siku mbili nikalazwa na dripu. Madaktari waliandika sukari kupanda. Mimi ningeandika aibu.

Mkidhani nilipopanda ndege aibu niliiacha uwanjani, wapi! Hapa nimejichoma vyooni miaka miwili mizima. Siku moja nikajikaza, nikatoa kalamu mezani kwenye mgahawa. Msimamizi akaja kwa tabasamu, akanong'ona: ningependelea kufanyia hilo chooni? Jibu zuri ninalo: na chakula nacho nikakilie huko huko? Tatizo, jibu hilo lilinijia nikiwa kwenye basi narudi nyumbani. Pale mezani niliinuka nikaenda.

Aliyenivua ule ushamba ni mtoto. Basi namba 50, ghorofa ya juu, binti wa shule wa miaka kama 12, chipsi mapajani zinanukia siki. Anamsimulia mwenzake umbea wa darasani, huku kapandisha sweta, kachoma, karudisha kifuniko, na umbea haujakatika hata neno moja. Mwenzake alichofanya ni kumuibia chipsi. Nikajiona mzee mzima ninayehangaika bure. Na hata Theresa May, alipokuwa waziri mkuu wa hapa, alionekana kwenye shughuli na kipimo kama hiki mkononi, wala hakujifunika. Ni aina ya kwanza yeye pia.

Lakini Shangazi, sijasema nivue nguo ukumbini. Kwenye harusi nageuka kidogo, mtandio unafunika, nusu dakika imekwisha. Kinachoniudhi mimi ni kitu kingine: mtu anajichoma halafu anaacha sindano kwenye kiti cha basi. Hiyo ndiyo fedheha. Mie zangu zinaingia kwenye hili boksi la njano, na nikiwa njiani nina kikopo kigumu chenye kifuniko.

Halafu kuna siku sukari inashuka chini ya 4. Unatetemeka, jasho, unaongea ovyo. Kama uliwaficha wote, kwetu watasema umelewa au umepandisha mashetani, watakuitia mganga wakati unahitaji nusu glasi ya soda, tena soda yenye sukari ya kweli. Na ukiwa umezimia wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Dada mmoja ameniandikia kwamba ana mume mwaka wa tatu sasa na hajui. Mwaka wa tatu! Dawa anaificha kwenye pochi ya vipodozi. Dada yangu, yule mtu mwambie leo usiku, hata kwa kumwandikia me—

Ah, saa hiyo inalia. Shangazi, karibu wali. Bismillahi.