Aliyeandika Ni Nani?

Ndugu zangu, wapo wanaosema kila anayeandika hadharani lazima ataje jina lake; mimi namtetea anayelificha. Nianze na karatasi moja. Mwaka 1988, mjini Westerville, jimbo la Ohio nchini Marekani, Bi. Margaret McIntyre alikwenda kwenye mkutano shuleni akagawa vipeperushi vya kupinga kodi ya shule. Vingine vilikuwa na jina lake. Vingine viliandikwa chini tu kwamba vimetoka kwa wazazi na walipa kodi wenye wasiwasi. Kwa hivi visivyo na jina, akatozwa faini ya dola 100. Mahakama ya Juu iliifuta mwaka 1995, majaji 7 kwa 2. Yeye alikuwa ameshafariki.

Na hakuna aliyedai kwamba kaandika uongo. Hakuna! Sasa jina lilitakiwa la nini? Anayetaka ukweli hulipima neno lenyewe. Anayeanza na "nani kasema?" mara nyingi anamtafuta mtu wa kumfukuza kazi. Nasema mara nyingi, kwa sababu tajiri akilipia matangazo ya siasa huku amejificha, hapo na mimi nitauliza fedha ni za nani. Sitara ninayoitetea ni ya mnyonge.

Tunaambiwa mwenye haki haogopi. Neno hili linaniuma. Mbona kura tunapiga kwa siri, na hatumwiti mpiga kura mwoga?

Lakini naipenda lakabu, yaani jina la kujibandika, kuliko karatasi isiyo na jina lolote, kwa kuwa lakabu inabeba dhamana. Kwa lakabu ya Publius ziliandikwa makala 85 kuitetea katiba mpya ya Marekani, mwaka 1787 na 1788. Nyuma yake walikuwa wanasiasa watatu, Hamilton, Madison na Jay, na mwandishi mwingine mwenye lakabu, Brutus, akampinga vikali. Msomaji aliweza kumkumbusha Publius alichosema wiki iliyopita.

London nako alikuwepo mwenye lakabu ya Junius, aliyeanza kuandika gazetini mwaka 1769 na hakumwogopa hata Mfalme George III. Serikali ilipomkosa, ikamshika mpiga chapa, Henry Sampson Woodfall, maana jina lake lilijulikana. Mwaka 1770 wazee wa baraza walimwona ana hatia ya "kuchapa na kutoa tu". Hiyo "tu" ikaiharibu kesi nzima, maana hawakusema kwamba alichochapa kilikuwa cha uchochezi. Junius akaendelea kuandika hadi 1772, na Woodfall akaendelea kuzichapa barua zake.