Nge Hamfuati Mtu: Mhadhara wa Kulinda Nyumba Kabla ya Mvua

Ndugu viongozi wa kijiji, wazee wangu, kina mama na vijana, nashukuru kupewa nafasi hii wakati mvua za Desemba zinaikaribia Dodoma yetu, kwa maana ndiyo majira ambayo maji huingia mashimoni na kuwatoa nge, nao hukimbilia palipo pakavu, na mara nyingi pakavu hapo ni chumbani kwetu.

Ninaloomba mlishike ni kwamba nge haingii ndani kumfuata mtu. Anafuata mende, nyenje na wadudu wengine anaowala, na anatafuta upenyo mwembamba wa kujibanza mchana. Kwa hiyo anayepulizia dawa ukutani huku rundo la kuni limeegemea ukuta huo huo amejisumbua bure, kwa sababu mchana kutwa nge amejificha ndani ya ufa ambako dawa haifiki, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Mwenye shaka aazime dukani ile tochi ya kukagulia noti bandia, yenye mwanga wa zambarau, asubiri giza liingie, kisha amulike nje ya nyumba yake. Chini ya mwanga huo mwili wa nge hung'aa kijani chenye ubuluu. Nilipomulika nyuma ya jiko langu, kwenye tofali zilizobaki baada ya ujenzi, nilimwona jike amebeba watoto mgongoni, weupe kama punje za mchele, wamebanana. Asubuhi nilizihamisha tofali zote mbali na nyumba, nikiwa nimevaa buti na glavu nene, kwani mkono mtupu chini ya tofali ndio unaoumwa.

Baada ya kusafisha, tuzibe. Nyufa za tembe zikandikwe udongo mpya, za tofali zijazwe saruji, na tundu la maji machafu liwekewe wavu. Mlango ndio unaosahaulika: nge mdogo hupenya mwanya wa milimita 2, basi tupigilie chini yake ukanda wa mpira unaogusa sakafu. Kitanda kisigusane na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro, na miguu ya kitanda ikiwezekana isimame ndani ya vyombo vya kioo, kwa kuwa nge hawezi kupanda kioo kitupu. Viatu vya watoto vikung'utwe kila asubuhi.

Akiumwa mtu, tuoshe jeraha kwa maji na sabuni, tuweke kitambaa chenye maji baridi, tusichanje wala kunyonya. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa zaidi, lakini mtoto mdogo apelekwe kituo cha afya mara moja, awe ameumwa na nge wa aina yoyote. Na anayetokwa na mate mengi, anayetetemeka au anayepumua kwa shida asingojeshwe hadi kupambazuke.