Kwa nini majani ya mbali yanametameta kwenye animesheni

Haya jamani, karibuni, tuanze. Leo naongelea majani tu. Mtu anatengeneza msitu mzuri, ukitazama fremu moja unavutia kabisa, halafu kamera ikianza kutembea ile miti ya nyuma yote inametameta utadhani kuna wadudu wanatembea juu ya skrini. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kuongeza sampuli, yaani miale ambayo kompyuta inarusha kwenye kila pikseli kutafuta rangi yake. Mimi nasema hiyo iwe hatua ya mwisho, na nitawaonyesha kwa nini.

Chukulia mti una majani 20,000, uko mbali, kwenye picha umechukua pikseli 40 kwa 50, yaani pikseli 2,000. Hapo kila pikseli imebeba wastani wa majani 10 na inatakiwa itoe rangi moja tu. Kompyuta inarusha miale yake michache, mmoja unagonga jani lenye jua, mwingine kivuli, mwingine unapenya hadi angani. Fremu inayofuata kamera imesogea kidogo sana, nusu ya upana wa jani tu, ile miale inagonga majani mengine kabisa na rangi inaruka, na hiyo inatokea mara 24 kila sekunde. Modeli yako haina kosa lolote, ni pikseli inabahatisha.

Sasa hizo sampuli. Noizi, yaani huko kurukaruka kwa rangi, inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, kwa hiyo ukitaka noizi ibaki nusu unalipa mara 4, ukitaka robo unalipa mara 16, fremu inayochukua dakika 10 kutengenezwa inachukua saa 2 na dakika 40. Hiyo haiendi popote!

Njia ninayoipenda mimi ni ile waliyoitoa Rob Cook na wenzake wa studio ya animesheni ya Pixar mwaka 2007, kupunguza majani yenyewe. Mti ukiwa mbali unaondoa majani kwa bahati nasibu, yanayobaki unayakuza ili eneo lote la kijani libaki lilelile. Ukibakisha robo ya majani, kila jani eneo lake linakuwa mara 4. Ila kuna mambo mawili watu wanayasahau, na ndo yanayoharibu kazi. La kwanza, mpangilio wa nani anatoka kwanza unapangwa mara moja tu na haubadiliki, ukiupanga upya kila fremu umejitengenezea mmetameto mpya mbaya kuliko wa mwanzo, na jani linalotoka lisikatike ghafla, linywee taratibu mpaka liishe. La pili ni kontrasti, majani machache makubwa yanatofautiana rangi kwa nguvu kuliko mengi madogo, kwa hiyo rangi zao unazisogeza karibu na wastani kadiri unavyopunguza. Hapo mti unatulia, na memori inapumua pia.

Wanaotumia kadi za majani, yaani vipande bapa vilivyobandikwa picha ya majani, zenye tekscha ya alfa inayoonyesha wapi pana jani na wapi pako wazi, angalieni mipmapu, zile nakala ndogo za tekscha za kutumika mbali, zinazotengenezwa kwa kuchukua wastani wa pikseli. Ule wastani unalainisha alfa, halafu ukikata pale 0.5, kwamba chini ya hapo hakuna jani, majani membamba yanapotea na mti unakuwa na upara kadiri unavyoenda mbali. Dawa ni kurekebisha alfa ya kila ngazi ili asilimia ya eneo lililojaa ibaki sawa na ya picha ya mwanzo. Ni kazi ya mara moja tu wakati wa kuandaa tekscha.

Halafu mng'ao. Jani linalong'aa likiwa mbali linatoa kidoa cha jua kidogo kuliko pikseli, kinawaka fremu moja kinazima inayofuata. Ongeza ukwaru wa jani kadiri linavyoenda mbali, hakuna atakayegundua.

Ukiona mabaka makubwa yanapumua polepole badala ya vidoti, hilo ni tatizo jingine, mara nyingi ni mwanga wa kuakisiwa unaohesabiwa upya kila fremu kwa pointi chache, msihangaike na majani hapo.

Na mkitaka kupima, toeni fremu 48 kwa ukubwa kamili kamera ikienda polepole sana, kwa sababu kamera ya haraka ina ukungu wa mwendo unaoficha kila kitu, na fremu moja iliyosimama haiwezi kuwaonyesha kumetameta hata muikodolee macho kutwa nzima. Haya, mwenye shoti inayomsumbua aifungue hapa tuiangalie.