Umekuja na Nani? Sosholojia ya Maandamano

Ndugu zangu, tukiona umati barabarani, swali la kwanza huwa: wamekasirishwa na nini? Mfaransa Gustave Le Bon, mwaka 1895, aliona hata hasira ni jibu la heshima mno. Kwake yeye mtu akiingia kwenye umati akili humtoka. Binafsi naona aliandika kama mtu anayechungulia dirishani, mlango kaufunga kwa komeo.

Tabu ya jibu la hasira ni kwamba hasira zipo siku zote, maandamano hayapo siku zote. Wenye kinyongo ni maelfu, wanaotoka ni wachache. Kwa nini atoke huyu, jirani yake abaki?

Mwanasosholojia wa Marekani Doug McAdam alipata pa kuanzia. Mwaka 1964, vijana wengi wa vyuo vikuu Marekani waliomba kwenda Mississippi kuwaandikisha Wamarekani Weusi wapige kura. Kazi ilikuwa ya hatari. Mwezi Juni wenzao watatu waliuawa. Kati ya waliokubaliwa, 720 walikwenda, 239 wakajitoa. Na fomu zao za maombi zilihifadhiwa! Kwa mtafiti hiyo ni hazina. Mtu ukimhoji baada ya miaka ishirini, atakusimulia ushujaa wake. Fomu imejazwa kabla hajajua yatakayomkuta.

Sababu walizoandika hazikuwatofautisha. Waliojitoa nao waliamini. Lakini fomu ilimtaka kila mwombaji ataje watu wasiopungua 10 ambao angependa wapewe habari zake. Hapo ndipo palipokuwa na siri: waliokwenda, zaidi ya waliojitoa, walikuwa wametaja watu ambao nao walikuwa wakienda. Rafiki akishafunga mzigo, kubaki kuna aibu yake.

Watafiti wengine, kama Charles Tilly, walipekua magazeti ya zamani wakihesabu matukio ya maandamano. Njia nzuri, ila gazeti hukimbilia palipovunjwa vioo. Mwanasosholojia mwingine, Clark McPhail, aliingia umatini kwenyewe, akaona watu wakija na kuondoka kwa vikundi vidogo vya marafiki na ndugu.

Ndiyo maana nikiwatuma wanafunzi na dodoso, “mnadai nini?” huiweka chini kabisa; bango limeshajibu. Huanza na: umekuja na nani? Halafu: nani ulimwita akakataa? Huyo wa pili inabidi wamfuate nyumbani, na wengi wao hurudi bila kumfuata.