Adamu na Hawa kwenye lipu mbichi

Ndugu zangu, jioni hii naomba tukae na ukuta mmoja tu. Uko Florence, Italia, ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, katika kikanisa cha pembeni kilichokuwa cha ukoo wa mfanyabiashara wa hariri, Felice Brancacci. Wachoraji Masolino na Masaccio walianza kukichora karibu mwaka 1425. Masaccio alizaliwa mwaka 1401, na kufikia 1428 alikwisha kufariki huko Roma.

Tuelewane kwanza kuhusu fresko, yaani picha inayochorwa kwenye lipu mbichi. Asubuhi ukuta unapigwa lipu laini ya chokaa na mchanga, kipande kile tu kitakachomalizwa siku hiyo. Rangi huchanganywa na maji matupu, ikapakwa lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka huvuta hewa ukaa, ikawa ngumu kama jiwe, na rangi imeshikwa humo humo. Ukikosea, unabandua lipu na kesho unaanza upya. Kwa kukagua maungio ya lipu, wataalamu huhesabu siku za kazi: picha ya Masaccio ya Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini ni siku 4.

Siku nne! Mtazameni Adamu. Viganja vyote viwili viko usoni, tumbo limebonyea kwa kwikwi, na uchi wake hana habari nao. Hawa ndiye anayejisitiri, lakini uso ameuinua, macho yamefumba, kinywa ki wazi. Someni Mwanzo sura ya 3 mpaka mwisho: hakuna mahali palipoandikwa kwamba walilia. Kilio hicho amekisikia Masaccio mwenyewe, na mimi namwamini.

Ukuta wa pili, mkabala nao, Masolino amewachora wawili hao hao wakiwa na nyoka. Ni wazuri, watulivu, utadhani hawana uzito. Wa Masaccio wanakanyaga udongo, vivuli vyao viko chini, na mwanga unaowapiga unatoka upande lilipo dirisha lenyewe la kikanisa.

Karne ya 17 walichorewa majani kiunoni, kwa ajili ya heshima. Moto wa mwaka 1771 ukaharibu kanisa, michoro ikapona lakini ikafunikwa na masizi. Ukarabati wa miaka ya 1980 uliondoa masizi na majani pia, na ulifanya haki: aibu ya Hawa iko mikononi mwake, haihitaji jani.

Kando yao ni kisa cha Mathayo 17, kodi ya hekalu. Petro yumo mara tatu katika picha moja: katikati anapewa agizo na Yesu, kushoto kabisa amechutama akitoa sarafu kinywani mwa samaki, kulia anamkabidhi mtoza kodi. Mtazameni Petro huyu wa kulia, alivyojifunika joho zito na mkono ameunyoosha. Michelangelo alipokuwa kijana alikuja hapa kujifunza, akamnakili Petro huyo kwa kalamu ya wino. Karatasi hiyo ingalipo, imehifadhiwa Munich.