Sahani ya ukutani na muhuri wa kabatini: tumeitafuta ngao ya ukoo

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu, habari za nyumbani? Leo nipo kwa mama mkwe, huku Uswisi, jimbo la Bern, na ameniruhusu niwaonyeshe kitu cha nyumbani kwake.

Tazameni hapa ukutani. Sahani ya bati, ngao nyekundu, katikati gurudumu jeupe la kinu cha maji. Chini pameandikwa Müller, maana yake msaga nafaka. Marehemu baba mkwe aliinunua gulioni, na tangu hapo kila mtu humu ndani anaamini hii ndiyo nembo ya ukoo. Mwanangu aliichora shuleni.

Sisi tukisema ngao, akili inakwenda kwa ile ya taifa, bwana na bibi wamesimama huku na huku. Uswisi ukoo wa kawaida nao una yake. Zilianza kwa mabwana wa vita na farasi zao. Makumbusho ya Taifa pale Zürich yana ngozi ndefu ya kukunja, ya miaka ya 1340 hivi, yenye ngao zaidi ya 500. Lakini mafundi na wakulima nao wakajitungia, na hakuna aliyewazuia. Wengi walichukua alama ya nyumba yao, mikato michache tu waliyochonga kwenye mpini wa shoka na kwenye magogo ili mali isipotee. Hapo nilimkumbuka babu, alivyokuwa akikata masikio ya ng'ombe wake kwa mkato ambao kijiji kizima kiliujua.

Sasa, tatizo la sahani hii. Kila penye kinu palikuwa na msagaji, na kila msagaji watoto wake waliitwa Müller. Hawana damu moja! Ngao ni ya ukoo, si ya jina. Muuza sahani yeye anaangalia jina tu, anakuuzia ngao ya akina Müller wa bonde lingine kabisa.

Kwa hiyo tulianzia kwenye pasipoti. Ya Mswisi haiandiki ulipozaliwa, inaandika Heimatort, yaani kijiji cha asili ya ukoo. Mume wangu kazaliwa mjini, baba yake vilevile, lakini pasipoti zao zote zinataja kijiji kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala. Nilipoelewa hilo nilifurahi sana, kwa sababu hata mimi mtu akiniuliza kwetu wapi, simtajii hospitali niliyozaliwa.

Mama mkwe akasikia tunazungumza, akainuka, akafungua kabati. Akatoa hiki. Ngoja nisogeze kamera... Muhuri wa shaba, wa kugandamiza kwenye nta. Mnaona? Nusu gurudumu, chini yake vilima vitatu. Vilima hivi wanaviita Dreiberg, vimejaa kwenye ngao za huku. Shaba haina rangi, lakini angalieni kwa makini: nyuma ya gurudumu kuna mistari midogo ya kulala. Hiyo ni lugha. Ilienea karne ya 17, padre Mjesuiti Silvester Petra Sancta akaiweka kitabuni mwaka 1638. Mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, vidoti ni dhahabu. Na gurudumu limejaa vidoti. Kwa hiyo gurudumu la dhahabu juu ya buluu, tofauti kabisa na sahani!

Hifadhi ya nyaraka ya jimbo ina mkusanyo wa ngao za koo. Ukitafuta Müller peke yake unazama. Ukiweka na kijiji, zinabaki chache. Tulikaa meza hii hii, mama mkwe kavaa miwani, tukashuka polepole. Tulipoifikia hakusema neno. Aliuchukua muhuri, akauweka kando ya picha kwenye kioo cha kompyuta, nusu gurudumu kwa nusu gurudumu, vilima kwa vilima.

Sahani haijashushwa, na mimi sikuthubutu kuuliza, maana ni mkono wa marehemu ulioipigilia. Jumamosi tunampeleka kijijini kwenyewe. Bern waliagiza makanisa yaandike ubatizo na ndoa tangu mwaka 1528, na mama anataka kumjua msagaji wa kwanza. Muhuri ameshaufunga kwenye leso, uko kwenye mkoba wake pale mlangoni.