Kanga Hii Kapewa na Nani?

Mhadhara kwa vijana wa maigizo na walimu wao, Wete, Pemba

Assalaam alaykum. Nimepewa saa moja, na nimeonywa kuwa umeme unaweza kutukimbia wakati wowote. Basi picha nitazionesha mapema, na maneno matupu yatasubiri giza.

Kwanza niungame kosa langu. Miaka mingi nyuma nilishona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya mchezo mmoja mjini Unguja. Ulikuwa mchezo wa zama za utumwa: shamba la mikarafuu, bwana, bibi, wajakazi. Mjakazi mkuu nilimvisha kanga nyekundu na nyeusi. Niliitafuta sokoni Darajani wiki nzima, nikaichagua kwa kuwa ilikuwa na sura ya kizee. Usiku wa kwanza, kiti cha mbele kabisa alikaa bibi mmoja mtu mzima sana, kaletwa na wajukuu zake. Mjakazi alipoingia na mtungi kichwani, yule bibi akauliza, kwa sauti ile ya watu ambao masikio yamechoka: "Na huyu, kanga hii kapewa na nani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwigizaji akasahau maneno yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni, sikuelewa. Nilidhani bibi anasema kanga zama hizo zilikuwa hazijaja. Siku tatu baadaye ndipo nilipotanabahi kwamba hakuuliza tarehe. Aliuliza hadhi. Na suali lake ndilo ninalofanyia kazi mpaka leo.

Tuanze na tarehe, kwa sababu ni rahisi. Kanga tunayoijua ilienea pwani hii miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kabla yake zilikuwepo leso, neno tulilorithi kwa Wareno: vitambaa vya mraba vilivyochapwa, vikija vimeshikana kwenye jora. Wanawake walikata vipande vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, wakapata nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara wakaona mshono wa nini, ichapwe nguo nzima. Jina, yaani yale maandishi ya juu ya pindo, likaja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu hizi tunazosomea skuli. Basi mchezo wa mwaka 1860 hauna kanga. Wa 1895 unaweza kuwa nayo, bila jina. Na ukiandika mchezo wa 1910 ukamvisha mtu kanga ya mafumbo kwa herufi kubwa za kompyuta, watakaocheka hawatakuwa mabibi peke yao.

Hadhi ndiyo ngumu. Unguja na Pemba za karne ya 19 nguo ilimtangaza mtu kabla hajafungua mdomo. Watumwa wa shamba walivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki, ile nguo iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake, wala kuvaa viatu. Kofia, kilemba, makubadhi, hivyo vilikuwa vya waungwana. Joho la tarizi ya dhahabu na jambia kiunoni, hapo tena umefika kwa wakubwa. Kwa hiyo mjakazi akitokea na nguo mpya ya kuchapwa, majirani wana la kujiuliza. Bibi yake kampa kwa sikukuu? Au ni suria wa bwana, na masuria wa nyumba za wenye nacho walivishwa vizuri? Mimi nilimvisha kanga kwa sababu ilipendeza, na bila kujua nikaandika mchezo mwengine ndani ya mchezo wa watu.

Hebu tuitazame merikani, maana hii nina mapenzi nayo. Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Unguja na Omani, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta pamba nzito iliyofumwa kwenye viwanda vya kwao. Watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vikakata pamba. Nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay, lakini jina halikubadilika. Ndiyo maana merikani ya mwaka 1885 inaweza kuwa haijawahi kuiona Marekani. Ukisoma neno kwenye karatasi ya zamani usikimbilie kudhani umeshaijua nguo.

Rangi yake je? Wengi mnaenda dukani mnanunua bafta nyeupe pee. Makosa mawili. La kwanza, merikani haikupaushwa. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, na ukitazama karibu unaona vijidoa vya kokwa za pamba. La pili, vitambaa vyeupe vya leo vimetiwa dawa ya kung'arisha, na ikipigwa na taa ya buluu jukwaani inawaka kama meno ya tangazo. Chemsheni majani ya chai na chumvi kidogo, mtumbukize, mkaushe kivulini. Na kuna la tatu ambalo halimo kwenye utafiti wowote: niliwahi kumpelekea mwigizaji bafta, akaishika, akaniambia, "Bi, hii sanda hii, mimi siivai." Nikarudi nyumbani na kitambaa changu. Alikuwa na haki.

Na kabla hujalipa, omba uzi mmoja uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni. Tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, inayeyuka, inaacha kipande kigumu kama shanga. Tetroni ilianza kuuzwa madukani baada ya Vita Vikuu vya Pili, na hata mtu wa kiti cha nyuma, asiyejua lolote la nguo, ataona kwamba inaanguka vibaya mwilini.

Sasa picha. Hizi mnazoziona ukutani ni za studio za mjini, zama za kina Gomes na Coutinho, Wagoa waliopiga picha na kuuza kadi kwa wageni wa meli. Zitazameni kwa heshima na kwa shaka. Aliyekaa mbele ya kamera hakuja alivyokuwa akitwanga nyumbani. Kajipamba, au kapambwa. Mkiona leso moja imevaliwa na wanawake watatu katika picha tatu, jueni leso ni ya studio. Halafu kuna hila ya kemikali. Sahani za picha za wakati ule ziliona buluu kupita kiasi na nyekundu hazikuiona kabisa. Buluu ya mbingu inatoka karibu na nyeupe. Nyekundu inatoka nyeusi. Nimewahi kumwaga rangi nyeusi kwenye nguo nzima ya bibi harusi kwa kuamini picha. Zile kadi zilizotiwa rangi kwa mkono ndiyo kabisa: nyingi zilipakwa Ulaya, na mtu ambaye labda hajawahi kuona mkarafuu sembuse mwanamke wa Pemba. Mara nyengine picha imechapwa kinyume. Tazama maandishi yoyote yaliyo ndani ya picha. Yakisomeka kama kwenye kioo, basi hata bega la nguo limegeuka.

Picha mashuhuri kuliko zote ni ya Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844 Mtoni, binti wa Sayyid Said. Kavaa mavazi ya kwao, kajaa mapambo. Kila mwaka kuna mtu ananiletea picha hiyo anitake nimshonee "kama hii". Namuuliza: unajua ilipigwa wapi? Hamburg. Alitoroka Unguja 1866, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani, na picha ikapigwa huko, kwa macho ya huko. Nguo na mapambo ni vya kwao. Lakini kukaa uso wazi mbele ya mpiga picha wa kiume, kwa binti wa mfalme aliyezoea barakoa, ni jambo la Hamburg. Kumbukumbu zake alizichapisha 1886 kwa Kijerumani, miaka ishirini baada ya kuondoka. Kwa mavazi ya majumba ya kifalme, zisomeni. Kwa aliyekuwa akifua mavazi hayo, mtahitaji mlango mwengine.

Wasafiri wa Kizungu nao ni mlango, ingawa unanuka. Burton alifika Unguja Desemba 1856, na dharau yake kwa watu wetu inachosha. Lakini yeye na Stanley waliandika vitambaa kwa makini mno, kwa aina na kwa urefu. Sababu haikuwa mapenzi. Bara kitambaa kilikuwa fedha. Msafara ulilipa ushuru na chakula kwa merikani na kaniki. Mtu anaweza kukosea kukuelezea jirani yako, hakosei kuhesabu pesa zake. Ndivyo ninavyozisoma hata karatasi za jumba la nyaraka kule Kilimani, Unguja: natafuta palipo na hesabu. Orodha ya mirathi, vitu vya marehemu vimetajwa kimoja kimoja kwa thamani yake, ina faida kwangu kuliko kurasa kumi za sifa za msafiri.

Nawaombeni sana, msiende Kilimani kabla hamjafungua makasha ya kwenu. Na hapa nina masikitiko. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kasha la misumari ya shaba upande huu wa Pemba. Nilipomwambia natafuta nguo za zamani alinifungulia, likatoka fukuto la udi na kafuri. Mlikuwemo suruali ya marinda, kanzu ya hariri, ukaya mwembamba kama pumzi. Nikamuuliza, na za kazini je, za kuchumia karafuu? Akanicheka. "Hizo tulizivaa zikawa matambara, matambara yakawa winda za watoto, winda zikawa madekio. Unataka niweke dekio kasheni?"

Basi kila linalobaki ni la harusi, la Idi, la mwenye nacho. Nguo ya kila siku imeliwa na siku zenyewe. Ukikusanya vya makasha peke yake utapata kijiji ambacho kila mtu anakwenda harusini.

Lakini hata ile ya harusi ina maneno, ukiigeuza. Nilipoipindua ile suruali niliona matundu ya sindano sentimita mbili kutoka kwenye mshono: iliachiwa. Mwenyewe alinenepa, au iliazimwa kwa mwili mwengine. Mshono ni wa mkono, mrefu hapa mfupi pale, na kwenye pindo kuna uzi wa rangi tofauti kwa sababu ule wa kwanza ulikwisha. Pigeni picha za ndani ya nguo kabla ya nje. Pimeni. Msifue. Nasema tena, msifue, na kuianika juani ndiyo msithubutu.

Buibui naligusa kwa haraka kwa sababu nimeona matangazo yenu huko nje. Limeenea mwanzoni mwa karne ya 20. Mkiweka wanawake wa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, wote ndani ya buibui jeusi, mmewapa nguo ya wajukuu wao. Na ndara za plastiki, jamani. Mtumwa wa 1880 hana ndara. Mwigizaji akiogopa miba, fagieni jukwaa.

Mwalimu ameniuliza kwenye karatasi, pesa ni kidogo, wapi tubane. Baneni ndani. Mshono wa mkono hauonekani kutoka kwenye viti vya watazamaji; pigeni cherahani, hata lastiki wekeni, nitafumba macho. Filamu ni habari nyengine, kamera inasogea mpaka kwenye kifundo cha uzi. Msibane kichwa na miguu. Nani kafunika kichwa na nani yuko wazi, nani kavaa makubadhi na nani peku, hayo yanaonekana mpaka mlangoni, na hayana gharama.

Nimalizie na mchezo wenu. Mmeniambia ni wa Pemba mwaka 1897, na kwamba mjakazi anatangaziwa uhuru onyesho la nne, anatoka, anarudi onyesho la tano na kanga mpya. Haraka mno. Amri ya Sultani, Sayyid Hamoud, ya kufuta utumwa ni ya Aprili 1897, na haikumfungua mtu akiwa amekaa. Aliyetaka uhuru alikwenda mwenyewe kuudai mahakamani. Masuria walisubiri mpaka 1909. Huyu wenu kaenda mahakamani na nini mwilini? Na kaniki yake ile ile. Katoka na karatasi na kaniki. Kanga ni pesa, na pesa itatoka kwenye karafuu, akichuma kwa ujira, kwa pishi. Kwa hivyo onyesho la tano bado yuko na kaniki, mikono imeshika harufu ya makonyo, ila safari hii kichwa mfunikeni. Kwa kipande chochote. Kanga iacheni mpaka la sita.

Na pale, mwandishi wenu akipenda, mmoja aulize kapewa na nani, na yeye ajibu.

Isiyo na jina, lakini. Kisutu, ile kanga ya harusi, kwa desturi hakina jina, mnaweza kuazima changu. Mkiamua kutumia nyengine yenye maandishi, shoneni kitambaa juu yake kwa bandi pana za kutatulika. Msikate.